Mtaro Ubavuni kwa Mtani

Jumapili, Novemba ndiyo kwanza imeanza. Usiku yalipita manyunyu, asubuhi mbingu zikabaki zimefunga bila kunyesha, na udongo wa uchochoroni ukawa laini kama unga uliokandwa ukaachwa. Kanisani sikwenda. Nilibaki nyumbani kwa sababu ya shughuli ya jirani yangu, na shughuli hiyo ndiyo nataka kuiandika leo hii, kabla sijaanza kuikumbuka vizuri kuliko ilivyokuwa.

Sie tunakaa Tandale, upande wa nyuma ya soko, mahali ambapo nyumba zimegusana mabega. Watu wa mbali wakisikia Tandale wanadhani ni mahali palipozuka juzi pamoja na vurugu zake. Jirani yangu amezaliwa hapahapa. Anasema baba yake alikuwa na minazi kuanzia pale penye mashine ya kusaga mpaka bondeni, na ukitaka moto ulikuwa unakwenda kuomba kaa nyumba ya mbali. Siwezi kuthibitisha, mie nilikuja mjini nimeshaolewa. Ila mnazi mmoja umebaki nyuma ya msikiti, na hakuna mtu anayedai kwamba aliupanda.

Mwaka huu habari zilitujia zimefuatana. Kwanza ikasemwa soko litajengwa upya. Halafu taa za barabarani. Halafu gari la matangazo likapita na spika yake likisema vichochoro vitamwagwa zege, na mtaro mkubwa utachimbwa kupeleka maji ya mvua bondeni. Kila mtu akawa na lake. Wapangaji wakasema wenye nyumba watapandisha kodi. Wenye nyumba wakasema wapangaji walalamishi. Madalali wakaanza kupita uchochoroni wamevaa viatu vya kung'aa, wakisalimia watu ambao zamani hawakuwasalimia.

Mie mtaro niliufurahia, nisiseme uongo. Masika yaliyopita maji yaliingia ndani mpaka nikapandisha cherehani juu ya kitanda, na mume wangu akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa kama mtu anayesubiri kunyolewa. Kwa hiyo asije mtu akasoma haya akafikiri napinga maendeleo. Nayataka. Nilikuwa wa kwanza kuwapa maji ya kunywa vijana wa mradi walipokuja kupima.

Walikuja na kamba, na vigingi vyenye rangi nyekundu kichwani, na binti mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza watu. Alitupa shikamoo wote, mlango kwa mlango. Vigingi vikashuka kutoka barabarani, vikapita kati ya nyumba yangu na ya jirani yangu, ubavuni kwake kabisa, kwenye kile kipande ambacho mie nilifunga kamba ya nguo na ndipo nilipofulia miaka yote. Binti akatangaza kwamba mwenye kisima, choo, kaburi au kitu chochote kwenye mstari aende ofisi ya mtaa siku ya Ijumaa, akaseme. Baada ya hapo kijiko, ile mashine kubwa ya chuma, kitakuja kuchimba.

Jirani yangu hakuwepo. Alikuwa Kisarawe, kwenye ngoma ya mwali wa ndugu zake. Mwenyekiti wa mtaa alibisha hodi kwake mara mbili, niliona kwa macho yangu. Watu wanamsema sana yule baba, lakini alibisha.

Sasa lazima nieleze kitu kimoja, maana bila hicho haya mengine hayaeleweki. Jirani yangu ni Mzaramo, mie ni Mnyamwezi. Kwa hiyo sie ni watani, si kwa kupenda, tumezaliwa tumeukuta utani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukudanganya, kuingia jikoni kwako akaondoka na kitoweo. Siku ya msiba wako yeye ndiye anayechimba, anayebeba, anayefanya vituko mpaka wafiwa wacheke. Kukasirika ni mwiko. Ukimkasirikia mtani umevunja utani, na watu watakushangaa.

Yule mama alinianza siku niliyohamia. Yeye ni mtu mzima kuliko mie, tena sana, kwa hiyo nilikwenda kumwamkia. Akaitikia, akaniuliza kabila, nikasema. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba huku Pwani mwanamke mgeni hufagia uchochoro wote mpaka kwa mjumbe kabla hajawasha moto wake wa kwanza. Nikafagia. Nilifagia huku watu wakitoka kunitazama, na nilipofika kwa mjumbe mke wake akaniuliza, "Mama, nani kakutuma?" Nikageuka, nikamwona yule bibi amekaa kibarazani kwake anajifuta machozi ya kicheko.

Nilimlipa baadaye. Nilimwambia Serikali imeagiza kila mwenye ngoma ndani aipeleke ikaandikishwe, la sivyo itachukuliwa. Wazaramo na ngoma! Alikaa siku nzima anahangaika, ngoma ya marehemu mumewe ameificha chini ya kitanda na kuifunika magunia. Tangu hapo kila nikimletea habari ya Serikali alikuwa anasema, "Leo tena unaandikisha nini?"

Basi akarudi kutoka Kisarawe, na mihogo yake kwenye kiroba.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mpagazi wangu. Nani kakuruhusu kunenepa wakati mie sipo?"

"Hewa tu, mtani. Mzaramo mmoja akiondoka mji mzima unapumua."

"Na mie nimekuletea mihogo! Ningejua ningeleta kamba nikufunge, nikuuze."

Nikamsaidia kuingiza kiroba, halafu nikamwambia. "Mtani, kuna ishu. Mtaro wa mradi unapita hapa ubavuni kwako. Ijumaa mwenye neno anatakiwa ofisi ya mtaa."

Alinitazama muda, akapiga makofi. "Haya! Mwaka ule ngoma, mwaka huu mtaro."

"Kweli, mtani. Vigingi si hivyo hapo?"

"Naviona. Rangi umepaka wewe au mumeo? Maana imepakwa ovyo, ya Kinyamwezi hasa."

"Mtani, wallahi tena."

"Wewe Mkristo wallahi umeitoa wapi? Umeshajifunga mwenyewe!" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Asubuhi yake nikakuta kigingi kimoja hakipo. Yeye anachoma vitumbua kibarazani kama kawaida yake, na chini ya chuma cha vitumbua kinawaka kile kigingi, rangi inatoa moshi mwekundu mwekundu. Akaniita nije nile. "Njoo uonje, kuni za Serikali zinashika vizuri." Nikala. Nikacheka na mie, maana ilichekesha. Hapo ndipo ninapojiuliza mpaka leo. Mtu mwenye habari ya kweli mkononi anachekaje?

Nilimwambia mara ya pili siku ya Alhamisi. Akanijibu kwamba mtani mbovu ni yule anayerudia mzaha uleule. Nikaona amenidharau, nikanyamaza, nikarudi kwenye cherehani yangu. Ijumaa nilishona sare za shule kutwa, naye akakaa kibarazani kwake kutwa, na ofisi ya mtaa si mbali. Ningemtuma mke wa mjumbe, ambaye si mtani wake, angemsikiliza. Wazo hilo lilinijia Jumamosi.

Jumatatu mwenyekiti alikuja na vijana wawili kurudisha kigingi kilichopotea. Akamkuta mama anageuza vitumbua.

"Mama, shikamoo. Nani kang'oa alama hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Uliza majivu." Akaniangalia mie, anacheka. "Hata wewe mwenyekiti umenunuliwa na huyu Mnyamwezi?"

Yule baba alikuwa amechoka, jasho limemlowesha mgongo. "Mama, mie mtani wako sio. Mtaro unapita hapa. Kijiko kinakuja wiki hii."

"Unapita wapi?"

"Hapa ubavuni kwako."

"Hapa wapi? Ukutani au kwenye kamba?"

"Hapo kwenye kamba ya nguo, mama."

Alikiondoa chuma motoni, vitumbua bado vibichi katikati. Akasimama. Sijawahi kumwona akiacha vitumbua. Akatembea mpaka kwenye ile kamba, akaangalia chini kama mtu aliyedondosha sindano, halafu akaingia ndani na kufunga mlango. Mwenyekiti akaniuliza kuna nini. Nikasema sijui, na kweli sikujua.

Alasiri akaniita kwa kugonga ukuta, kama tulivyozoea. Nikamkuta amekaa kitandani.

"Kaa," akasema. Nikakaa kwenye kigoda. "Pale unapofulia, yupo mwanangu."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, macho yake yako dirishani. Alikuwa binti mdogo, ameolewa kwenye nyumba hiyohiyo ya baba yake. Mtoto wa kwanza, wa kiume, hakufika arobaini. Kwao enzi zile kichanga cha namna hiyo hakikupelekwa mbali. Mama yake na wanawake wengine wa nyumba walimzika ubavuni mwa ukuta, chini ya dirisha la chumba hicho, ili yeye asiwe mbali na mwanawe. Hawakuweka jiwe. "Mama aliniambia, usitie alama, ukitia alama utakaa pale kutwa na kazi hazitafanyika."

"Mbona hujawahi kuniambia, mtani?"

"Nimekwambia kila siku. Ulipomwaga maji ya sabuni pale, nilikuwa nakwambia nini?"

Nikakumbuka. Wee Mnyamwezi, maji yako kamwage Tabora! Alinitukana mie, akanitukania baba, akanitukania na punda waliobeba mizigo ya babu zangu. Nilidhani ni utani. Niliyapenda yale matusi, ndiyo kweli yenyewe. Kesho yake nilikuwa namwaga tena palepale makusudi, ili atoke kibarazani aanze upya, na uchochoro ucheke.

"Ungeniambia kwamba umekasirika."

"Ningesema nimekasirika ningevunja utani. Ningesema sababu, kila anayepita angeangalia pale." Akajifunika kanga vizuri. "Sikatai mtaro. Wakitaka kukata na nyumba, wakate, mie mzee. Ila chuma cha kijiko kisimguse mwanangu. Atolewe kwa mikono ya watu. Hilo tu."

Kesho yake tukaenda ofisini. Njiani akanishika mkono.

"Utasema ulijua. Utasema mama yangu alikwambia."

"Mama yako nilikuta ameshakufa, mtani."

"Ndo vizuri, hawezi kukukana."

Ofisini tulimkuta mwenyekiti na yule binti wa mradi. Walitupa viti. Mama akaeleza, kwa maneno machache kuliko aliyonieleza mie. Binti akasikiliza bila kumkatiza, halafu akasema kitu ambacho siwezi kumlaumu. Alisema kuna mtu vichochoro vya mbele aliyerundika mchanga akapanga na matofali, akadai ni kaburi la babu yake, na babu mwenyewe akakutwa mzima, amekaa sokoni anauza vitunguu. Kwa hiyo wameambiwa wawe waangalifu. Akauliza kama lina alama. Halina. Akauliza waliomzika. Wamekufa wote. Akanigeukia mie.

"Mama, wewe ni jirani wa ubavu huohuo. Ulijua kwamba pale kuna kaburi?"

Mtani wangu alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza. Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini mie nikidanganya kitu kizito uso unanisaliti, na nilifikiri, akiniuliza la pili nitajibu nini, nimharibie kabisa. Labda hiyo ndiyo sababu. Labda ni woga tu, nimeupa jina zuri.

"Sikujua," nikasema. "Nimejua jana."

Mama akafyonza kwa nguvu, mpaka mwenyekiti akageuka.

Nikaendelea haraka. "Lakini tangu nihamie, nikimwaga maji pale ananitukana."

"Ni mahali pake, lazima akutukane," akasema mwenyekiti.

"Hapana. Nimemwaga mbele ya mlango wake, akanyamaza. Nimemwaga uani kwake, akanyamaza. Pale chini ya dirisha tu ndo anatukana. Miaka yote."

Binti akaacha kuandika. "Alikuwa anasemaje?"

"Ni matusi, dada."

"Yaseme tu."

Nikayasema. Nimekaa kwenye ofisi ya Serikali, nimevaa kitenge changu cha kutokea, nayataja moja moja, sauti ya chini. Mwenyekiti akaziba mdomo kwa kiganja. Nilipofika mwisho mtani wangu, ambaye alikuwa amenigeuzia bega, akashindwa kuvumilia.

"Umeruka lile la punda."

Nikataja na la punda. Hapo yule binti akacheka, akacheka mpaka akaomba radhi. Halafu akasema, "Mtu hawezi kuandaa matusi miaka yote hiyo kwa ajili ya mtaro wa mwaka huu."

Akatueleza wazi kwamba mstari hauhami, maana maji yanafuata bonde, hayafuati matakwa yake yeye wala yetu. Lakini ataomba kijiko kingoje mpaka Jumapili ipite, na familia itoe mabaki kwa mikono, imamu awepo na bwana afya awepo. Mama akamshukuru kwa kumwombea dua ndefu ya kupata mume, naye akaitikia amina.

Kurudi nyumbani mtani hakunisemesha mpaka tulipofika kwenye mashine ya kusaga. "Ulianza na sikujua."

"Ndo ukweli, mtani."

"Na matusi si ukweli? Ungeanza na hayo."

Nimelifikiria sana hilo. Kama yule binti angekuwa mtu wa haraka, angesikia "sikujua" akafunga daftari lake, na mtoto angechimbuliwa na chuma kwa sababu ya mpangilio wa maneno yangu. Kwa hiyo sioni kwamba nilifanya vizuri. Tulibahatika kupata msikilizaji.

Ndiyo tukafika leo asubuhi. Mume wangu ndiye aliyechimba, kwa kuwa naye ni Mnyamwezi na kuchimba ni kazi ya mtani, pamoja na kijana mmoja aliyekuja na imamu. Wanawake wa uchochoro walikaa kibarazani. Kwenye kamba yangu ya nguo tulitundika makanga yawe pazia, mie nikiwa nimeshika upande mmoja ili upepo usiyapeperushe, kwa hiyo niliona. Mama alikuwa ndani chumbani, dirisha liko wazi juu yetu, ila yeye haonekani.

Walianza na jembe, taratibu, halafu wakaliweka kando wakachimba kwa mikono kama alivyotaka. Juu vilitoka vifuniko vya soda na vifungo vya mashati. Vifungo ni vyangu mie, vya miaka mingi ya kufua na kushona. Mume wangu alivipanga pembeni kimoja kimoja. Chini zaidi ukaja mchanga. Halafu mahali pamoja, karibu na msingi wa ukuta, udongo ulikuwa mweusi kuliko mwingine. Wakapanua. Hapakuwa na kitu kingine. Bwana afya, mtu mzima mwenye miwani, alisema kwa sauti ndogo kwamba mifupa ya kichanga kwenye ardhi yenye maji kama hii haingoji. Imamu akasema basi uchukuliwe huo udongo. Mume wangu akauchota kwa viganja viwili, akauweka kwenye kitambaa cheupe.

Ndipo sauti ikatoka dirishani.

"Mtani."

"Naam."

"Umeona nini?"

Mume wangu akaniangalia. Nilijua anataka niseme nini, na huenda yeye ndiye mwenye huruma kuliko mie. Lakini yule mama hakumuuliza imamu wala bwana afya. Aliniuliza mie.

"Udongo, mtani. Mweusi kidogo kuliko mwingine."

"Ukubwa gani?"

"Kama beseni dogo."

Halafu akasema, "Basi. Ndo alivyokuwa."

Hapa lazima niandike kitu ambacho sitamwambia. Sijui kama ni yeye. Weusi ule huenda ulikuwa wa maji yangu ya sabuni yaliyotuama pale miaka yote. Bwana afya hakusema ni nini, wala mie sikumuuliza. Nilijibu nilichoulizwa. Sina hakika kama kujibu ulichoulizwa tu ni kusema kweli.

Wanaume wakajiandaa kwenda makaburini. Kwa desturi yao wanawake hawaendi, kwa hiyo kuaga ni pale pale uchochoroni. Imamu akakibeba kile kifurushi mwenyewe, kidogo, mtu asiyejua angedhani kabeba mkate. Mama akatoka, akasimama mlangoni. Macho makavu. Mie nimesimama na kanga mikononi.

"Mtani gani huyu?" akapaza sauti. "Mwanangu anatoka nyumbani, na yeye kasimama kama nguzo ya umeme! Wanyamwezi mmekwisha siku hizi, hata aibu ya utani hamna!"

Wanawake wakaniangalia. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaenda kusimama katikati ya uchochoro, mikono nimeitanua ukuta kwa ukuta.

"Hapiti mtu hapa!" nikasema. Sauti ilitoka kama ya bata. "Mnampeleka wapi mtoto huyu? Nimefua juu yake miaka yote, mashuka mazito, na hata siku moja hajanisaidia kukamua! Kazaliwa Mzaramo, kalala Kizaramo, na leo anahamishwa anabebwa. Hata kutembea mwenyewe hataki!"

"Angekusaidiaje," akajibu mama kutoka mlangoni, "na sabuni ulimtia machoni?"

Uchochoro mzima ukapasuka. Imamu aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Mwenyekiti, ambaye alikuja kuzika, alikuwa anajifuta macho kwa kofia. Mama alikuwa anacheka pia, anacheka ameshika mlango, halafu kile kicheko kikageuka katikati bila kubadilisha sauti, na akalia. Alilia kama mtu ambaye amefiwa leo. Shoga zake wakamshika.

Mie sikuondoka njiani. Mtani haondoki mpaka apewe kitu, na nilijua kwamba nikiondoka bure nitakuwa nimemwonea huruma, na huruma ile asingeitaka mbele za watu. Nikabaki nimetanua mikono. Mwishowe yeye mwenyewe akavua kanga ya begani, akaikunja, akanirushia kifuani.

"Shika, mwizi mkubwa. Mpishe mwanangu."

Nikampisha. Wakapita mmoja mmoja, mume wangu wa mwisho, mikono yake bado ina udongo.

Walirudi kabla ya adhuhuri. Mume wangu alisema amelazwa karibu na uzio, upande wa kivulini, na safari hii wameweka kibao. Mama aliuliza kibao kimeandikwa nini, maana mtoto hakuwahi kuitwa jina. Imamu akamwambia wameandika mtoto wa fulani, na fulani ndiye yeye. Akatingisha kichwa mara kadhaa. Mchana wote alikaa kibarazani, moto wake umezima. Watu walikuja kumpa pole, wengine wakashangaa, kwa kuwa hawakujua kama aliwahi kuzaa kabla ya wanawe wengine wanaowajua. Aliwaeleza wote. Sikuwahi kumsikia akieleza kitu mara nyingi namna ile bila kuongeza uongo.

Binti wa mradi naye alipita, ingawa leo si siku ya kazi. Alikaa kidogo, akasema kijiko kitakuja kesho. Mama akamwambia kije, mvua zisitukute.

Nyumba yenye msiba haiwashi jiko, kwa hiyo jioni nilimleta kwetu. Nilipika ugali wa dona, mlenda, na dagaa wa kukaanga na nyanya, maana nazi sikuwa nayo. Alimega tonge, akalizungusha kwenye mlenda, akaunyanyua ule uzi mpaka usawa wa macho na kusema hiki si chakula, hiki ni gundi ya kubandikia matangazo ya mradi. Mume wangu akamsogezea dagaa. Alikula wote, akala na mlenda, halafu akaomba ukoko.